Bunduki Iliyowekwa Amana

Kaka yangu Harub alikufa kwa maradhi ya moyo. Naanza na hilo kwa sababu hapa Ibra mtu aliyewahi kulazwa hospitali ile ya maradhi ya nafsi Maskati akifa, watu huteremsha sauti na kuuliza kafaje. Alikufa kitandani kwake, baada ya kusali alfajiri. Miwani yake alikuwa ameikunja na kuiweka juu ya mto wa pili, ule wa marehemu mkewe. Mimi ndiye niliyemkuta. Nilikuwa nimempelekea chai ya tangawizi.

Siku hiyo bunduki ya Baba ilikuwa bado iko kituo cha polisi. Ilikuwa imekaa huko mwaka na miezi minane. Nataka kueleza ilifikaje huko na kwa nini haikurudi, maana katika jambo hilo nilimtendea kaka yangu kitu nilichodhani ni khiyana, na nilikaa nacho kifuani mpaka yeye anaingia kaburini.

Bunduki hiyo Baba hakuirithi, aliinunua. Tulikuja kutoka Unguja mwaka wa sabini na mbili, Harub ana miaka kumi na miwili, mimi minane. Ibra ndiko alikotoka babu yetu, lakini sisi tulifika kama wageni. Kiarabu chetu kilikuwa cha kuchekesha. Idi ya kwanza wanaume walijipanga kwa razha, ule mchezo wao wa mapanga na bunduki, na Baba akaenda kujipanga nao mikono mitupu. Mmoja wa jamaa zake mwenyewe akamwambia, "Nenda kasimame na watoto, Zanjibari." Baba akarudi nyumbani, akavua kilemba, akakaa jikoni na Mama mpaka ngoma iliponyamaza.

Aliendesha lori la serikali miaka mitatu. Kisha Ijumaa moja akaenda soko la Nizwa, akainunua bunduki kwa mzee mmoja aliyeteremka nayo kutoka Misfat. Ilikuwa kuukuu kuliko Baba mwenyewe, kitako chake kimefungwa mikanda ya fedha. Idi iliyofuata alisimama safu ya mbele. Tangu hapo hapakuwa na harusi ya nyumba yetu ambayo bunduki hiyo haikutoka, na aliyeishika ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba. Baba alipofariki ikawa ya Harub, na rukhsa ya polisi ikaandikwa jina lake.

Sasa nije kwa Shukriya.

Shukriya alikuwa mke wa Harub miaka thelathini na moja. Alifariki barabara ya Sur, karibu na Al Kamil, walipokuwa wakirudi kutoka kumtazama shangazi yake. Ngamia aliingia barabarani. Harub ndiye aliyekuwa akiendesha, na Harub alitoka na mchubuko mmoja wa paji la uso. Watu walimwambia ni kudra ya Mungu, naye aliitikia kila mmoja. Mimi sikuolewa, nilikuwa nikiishi nao, kwa hiyo nilibaki naye na mwanawe Laith, ambaye siku nyingi za wiki hulala kazini Maskati.

Harub akaacha kulala. Kisha akaacha kula mchana. Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mtu wa kuchora ramani za mabonde kwa kidole juu ya kitambaa cha meza huku akizungumza. Kidole nacho kikaacha. Alfajiri moja nilipoamka kusali niliona taa ya ghala la tende inawaka. Nilimkuta ameketi juu ya gunia, bunduki mapajani, akizungumza na Shukriya kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemweleza mkewe alichonunua sokoni.

"Kaka," nikasema.

Akanitazama. "Ichukue, Mahfu," akasema. "Ichukue upesi."

Niliichukua. Ilikuwa nzito, na mimi sikuwahi kuishika maishani mwangu. Laith alikuja mbio na gari, akaiacha kituoni kwa amana, akampeleka baba yake hospitali. Huko daktari akasema atabaki, atake asitake, mpaka wawe na hakika naye. Alibaki siku ishirini na moja.

Jioni ya siku ile aliyopelekwa, jirani yetu Maha alikuja na sahani ya harisi. Maha ni mtu mwema, wazee wake walitoka Tabora, na hana siri ya zaidi ya nusu saa.

"Mwalimu yuko wapi? Sikumwona akienda msikitini na wenzake."

"Kenda Unguja," nikasema. Mdomo wenyewe ndio uliosema.

"Ghafla hivyo?"

"Kuna shamba la urithi. Wamemwita."

Basi kaka yangu akawa Unguja. Nilimweka huko siku ishirini na moja, nikimpa hali ya hewa na mafua madogo. Lakini mtu hatoki Unguja mikono mitupu. Siku tuliyokwenda kumchukua hospitali nilimwambia Laith tupite Sib kwanza, kwenye lile duka la vitu vya Unguja. Nilinunua karafuu, pilipili manga, kanga nne na sabuni. Harub alipoingia garini akauona mfuko karibu na miguu yake.

"Nini hivi?"

"Zawadi ulizotuletea kutoka Unguja."

Akaufungua, akanusa karafuu. Akauweka mapajani.

"Nilisafiri salama?"

"Salama."

"Na shamba?"

"Kesi bado."

Akacheka. Mwezi wa tano huo sijamsikia akicheka. "Ungenipitisha na Pemba kabisa," akasema, "niwaone wakwe."

Tulizigawa zawadi nyumba kwa nyumba. Mtoto wa ami yetu, Hisham, ambaye upande wao hawakutoka Ibra hata siku moja na hawatuachi tusahau, aliziponda karafuu kwa vidole akasema, "Karafuu za mwaka huu hazina harufu. Hata huko kwenu mambo yameharibika."

"Mvua zimezidi," Harub akajibu, uso mkavu.

Sisi ni watu wa sitiri. Nimelelewa hivyo: cha nyumbani hakitoki barazani, na cha moyoni hakitoki hata chumbani. Nilidhani ndiyo namna ya kumpenda mtu.

*

Miezi ikapita. Laith akamposa Rawya, binti wa watu wa Nizwa, na harusi ikapangwa. Kila Ijumaa baada ya sala Hisham alikuwa akimwuliza Harub jambo lilelile: "Bunduki umeipaka mafuta? Usije ukatutia aibu Nizwa."

Jioni moja Harub akaniambia, "Lazima niiombe."

"Laith hajali, Kaka. Nimemwuliza."

"Laith hajui. Nikisimama bila ya bunduki ya Baba siku ya mwanangu, watauliza iko wapi. Wakiuliza iko wapi, watauliza kwa nini. Na Baba, je? Alikaa jikoni."

Tulikwenda kituoni pamoja. Afisa alikuwa kijana mnene mwenye adabu. Akaingiza nambari ya kitambulisho, akatazama kioo cha kompyuta, kisha akamtazama Harub.

"Mwalimu, wewe umenisomesha darasa la nane. Mabonde na mito."

"Ulipata ngapi?"

"Nilifeli, Mwalimu."

"Basi hukusikiliza."

Akacheka, lakini alipotazama tena kioo akawa si mwepesi wa maneno. Akaeleza taratibu kwamba ukiwa umezuiliwa hospitali kwa hali ya nafsi, bunduki haipotei na hukunyimwa, ila kabla ya kurudishiwa lazima daktari aandike kama unastahiki kuimiliki au la. Akampa karatasi na miadi ya kliniki Nizwa. "Na uje na mtu anayeishi nawe nyumba moja," akasema. Akanitazama mimi.

Daktari aliitwa Samah, mwanamke mdogo, mwenye macho ya mtu aliyeshinda akisikiliza. Harub aliingia kwanza. Nilikaa nje nikatazama saa ya ukutani: dakika arubaini. Alipotoka alikuwa na wino kidoleni. Akakaa nilipokuwa nimekaa mimi, nami nikaingia.

Dr. Samah akaniuliza anakula? Anakula. Anakwenda msikitini? Anakwenda. Dawa? Nampa mwenyewe, mkononi. Akaandika.

"Tangu atoke hospitali, amesema neno lolote la kuchoka na maisha? La kutaka kufa?"

Nilifikiri juu ya ile safu ya wanaume Nizwa. Nilifikiri juu ya Baba jikoni, kilemba magotini.

"Hapana," nikasema.

Hakuandika. "Wewe unalala wapi, mama?"

"Ukumbini."

"Huna chumba?"

"Ninacho. Kiyoyozi chake kina kelele."

"Ukumbini sehemu gani?"

"Mbele ya mlango wake."

"Tangu lini?"

"Tangu arudi."

Akaiweka kalamu chini. "Basi umeshanijibu," akasema, bila ya ukali wowote.

Hapo nikalia, na nikamwambia lililobaki. Kwamba siku ileile aliyorudi, mimi namenya ndizi mbichi jikoni, Harub amesimama dirishani, aliniuliza, "Mahfu, hivi mtu akichoka sana, Mungu humlaumu?" Nikamwambia nenda ukakoge tule. Hakurudia tena. Lakini usiku ule ndipo nilipoliburuta godoro. Dr. Samah akayaandika yote, na mimi nikaitazama kalamu yake ikimvua kaka yangu nguo mbele za watu. Hivyo ndivyo nilivyoona.

Njiani kurudi tulisimama kununua chai ya maziwa. Harub akaishika bilauri ya karatasi kwa mikono miwili.

"Wamekuuliza nini?"

"Jina na umri," nikasema. "Na kama unakula."

"Basi?"

"Basi."

"Na mie vilevile," akasema. "Jina na umri."

Jibu lilikuja kwenye simu yake baada ya siku kumi. Alilisoma kwa sauti mezani, mbele yangu na Laith: kwamba mwombaji hajatimiza masharti ya kumiliki silaha kwa wakati huu, na ombi litatazamwa tena baada ya miezi kumi na miwili. Akaiweka simu karibu na sahani.

"Haya. Nimefelisha watoto wa watu miaka thelathini, leo serikali imenifelisha mimi."

"Pole, baba," Laith akasema.

"Pole ya nini? Natakiwa kurudia darasa tu." Akaomba kuongezewa wali. Mimi nilisimama kwenda kuleta samli ambayo ilikuwa mezani.

*

Harusi ilifanyika Nizwa, siku ya baridi nzuri. Sisi wanawake tulipanda juu ya dari ya nyumba ya kina Rawya tukawatazama wanaume uwanjani. Harub alivaa jambia la Baba na joho jeusi, na mkononi alikuwa na bakora. Kulia kwake bunduki, kushoto kwake bunduki, yeye na bakora. Kutoka juu niliona vizuri kuliko nilivyotaka.

Hisham alimsogelea. Maneno yenyewe nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kwa Laith.

"Bunduki iko wapi? Umeisahau Unguja kwenye shamba lako?"

"Iko kwa fundi."

"Fundi gani huyo miezi yote? Anaizaa upya?" Wanaume wakacheka. Kisha Hisham, ambaye kusema kweli si mtu mbaya, akaona uso wa Harub, akaacha mzaha. Akaivua yake begani. "Shika yangu, ndugu yangu. Ni siku ya mwanao. Usisimame hivi."

Hayo nilikuwa sisikii, lakini nilimwona Hisham akimnyooshea bunduki kwa mikono miwili. Niliona mkono wa Harub ukitoka ndani ya joho. Vidole vikagusa kitako, vikakaa pale. Wanawake waliokuwa pembeni yangu walikuwa wakipiga vigelegele, na mimi nilishika ukuta. Kisha mkono ukairudisha bunduki kifuani kwa mwenyewe, taratibu, kama mtu anavyomrudishia mama mtoto wake.

"Bega linaniuma," alisema.

Akacheza razha na bakora mpaka mwisho. Aliirusha juu na kuidaka kama wenzake wanavyorusha panga. Baadhi ya vijana walidhani ni kichekesho wakampigia makofi.

Nilirudi Ibra nikiwa na hakika kwamba nimemrudisha kaka yangu jikoni, alipokaa Baba. Si serikali, ni mimi. Na kila alipoisema serikali kwa mzaha, "ile serikali yangu isiyoniamini," nilikuwa nikiinamisha kichwa.

Mwaka ule, hata hivyo, Harub alipata nafuu. Niliiona polepole. Alipanda ndimu mbili nyuma ya ghala. Alimsomesha Wiam, binti wa Maha, mitihani yake ya jiografia, na kidole kikarudi juu ya kitambaa cha meza, kikichora Jabal al-Akhdar na maji yanakoteremkia. Alikwenda Al Kamil mara moja na Laith, akasimama kando ya barabara akamsomea Shukriya Fatiha, akarudi akalala mpaka mchana. Mwezi mmoja kabla ya kufa aliniambia, akivaa makubadhi yake mlangoni, huku akiliangalia godoro langu lililokunjwa:

"Mahfu, nadhani unaweza kurudi chumbani kwako sasa. Kiyoyozi kimepona."

"Bado kina kelele," nikasema.

Alitikisa kichwa, akatoka. Ningelijua, ningelimwuliza. Lakini kumwuliza kungekuwa kukiri kwamba godoro halikuwa la kiyoyozi.

Alikufa zikiwa zimebaki wiki nne na siku mbili ombi lake litazamwe tena.

*

Baada ya arubaini Laith na mimi tulikwenda kituoni kuimaliza habari ya bunduki. Afisa alikuwa yuleyule mnene. Alisimama tulipoingia, akatupa pole, akasema Mwalimu alikuwa ukimwamkia hakuachi bila ya kukuuliza mji mkuu wa nchi fulani. Laith alitia saini. Rekodi yake ilikuwa safi, bunduki ikaandikwa jina lake. Kisha afisa akatupa bahasha.

"Hizi ni karatasi za ombi la marehemu. Ombi lilipofungwa zilirudishwa. Ni haki ya warithi."

Niliifungua garini, Laith anatafuta funguo zake. Nilitarajia kukuta maneno yangu, yale niliyomwambia Dr. Samah. Hayakuwemo, nadhani hayo hukaa kliniki. Ilikuwemo karatasi moja ya maelezo ya mwombaji mwenyewe, kwa mwandiko wa Harub, ule mwandiko wa ubaoni, kila herufi imekaa mahali pake. Tarehe ilikuwa ya siku ile ya Nizwa. Dakika arubaini, na wino kidoleni.

Aliandika kwa Kiarabu. Naweka hapa maana yake kwa lugha tuliyokuwa tukizungumza:

"Nimeomba nirudishiwe bunduki ya marehemu baba yangu kwa sababu jamaa zangu wanatarajia niiombe. Lakini mimi mwenyewe nawaomba msinipe. Siiamini nafsi yangu bado. Naomba jibu lionekane limetoka kwenu, si kwangu. Dada yangu analala mlangoni kwangu na anadhani sijui. Akisikia nimeikataa mwenyewe atajua sababu, na hatopata usingizi tena."

Niliisoma mara mbili. Mara ya tatu sikuweza kuona.

"Kimeandikwa nini, shangazi?" Laith akauliza. Alikuwa ameshazipata funguo, karatasi ameiona kwa mbali tu.

Neno lilikuwa tayari ulimini: karatasi tu za serikali. Lilikuja lenyewe, kama lilivyokuja lile la Unguja. Nikalimeza. Nikamsomea yote, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, na alipokosa neno nikamweleza. Kisha nikamwambia na langu: nililosema kwa daktari, na nililolikana njiani, kwenye chai.

Laith alikaa na mikono juu ya usukani.

"Kwa hiyo nyote wawili mlisema kitu kimoja," akasema.

"Kitu kimoja."

"Chumba kimoja. Siku moja."

"Ndiyo."

"Na mwaka mzima mkala meza moja." Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayehakikisha amesikia sawasawa. Kisha akawasha gari, halafu akalizima, akainamia usukani akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya kituo cha polisi.

Mimi nilikuwa nikifikiri juu ya mkono ule, vidole juu ya bunduki ya Hisham. Mwaka mzima niliuona ni mkono wa mtu aliyedhalilishwa. Alikuwa akichunga mlango wake mwenyewe, upande wa ndani, na mimi nimelala upande wa nje. Laiti tungeligongeana tu.

*

Jumatano iliyofuata nilikwenda soko la wanawake. Maha ana pahala pake pale, anauza vitambaa na bukhuri. Alinisogezea mkeka nikae, akaniuliza hali yangu, akatazama huku na huku. Alikuwa amekonda, nami sikuwa nimeona. Nilikuwa na yangu.

"Bi Mahfudha, huna karafuu kidogo zilizobaki? Zile za Unguja alizoleta marehemu. Nataka kutia kwenye dawa ya jino."

"Zile zilikuwa za Sib, Maha," nikasema.

Akanitazama.

"Harub hakwenda Unguja. Alikuwa hospitali Maskati, siku ishirini na moja. Alikuwa hataki kuishi. Mimi ndiye niliyekwambia uongo, na karafuu nikazinunua mwenyewe."

Nilidhani atapiga mkono kifuani, aseme masikini Mwalimu, na kabla ya adhuhuri soko zima lijue. Nilikuwa tayari. Lakini Maha alichukua kitambaa kimoja akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mwanangu Aws hayuko Salala," akasema.

Nilikuwa nimeshasikia kwamba yuko Salala, kapata kazi ya hoteli. Mtaa mzima ulikuwa umesikia.

"Yuko alipokuwa Mwalimu. Wiki ya tatu hii." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Anatoka Jumapili. Nimeshanunua na ubani wa Salala, wa kugawa."

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. Tulikaa hivyo, wanawake wakipita na mizigo yao kichwani, mmoja akauliza bei ya kitambaa cha kijani na hakuna aliyemjibu, akaenda zake.

"Nyumbani mna bunduki?" nikamwuliza.

"Ya baba yake. Iko sebuleni, ukutani, chini ya saa. Siku zote iko pale."

"Twende."

"Sasa hivi? Na soko?"

"Sasa hivi."

Alifunika vitambaa vyake kwa shuka, akamwambia jirani yake amwangalizie. Tulikwenda kwa miguu, si mbali. Mumewe alikuwa nyumbani. Maha alimwambia mbele yangu, kwa maneno machache, na yeye akasimama akaitazama ile bunduki kama nilivyoitazama mimi ile ya Baba, kwa uzito wake wote na watu wote walioishika. Kisha akapanda juu ya kiti akaiteremsha, akatoka nayo, akaingia garini kwenda kituoni, bila ya kubadilisha nguo.

Pale ukutani palibaki alama ndefu, nyeupe kuliko rangi iliyozunguka. Maha akaleta kalenda kutoka jikoni, akatafuta msumari.

"Usipafunike," nikamwambia. "Mwache Aws apaone. Na akikuuliza iko wapi, mwambie. Usimwambie iko kwa fundi."